Wa Nne Ndiye Aliyesikiliza

Dada yangu ni msusi. Mkono wake mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Mteja huinuka kitini kapendeza na mbavu hana. Huyo ndiye waliyemwita mvivu.

Ilianza na homa kali. Homa ikaisha, mwili haukurudi. Akawa anaamka hoi kama aliyekesha akitwanga. Mabega, kiuno, magoti, kote moto. Hata kitana kikipita kichwani mwake kilimuuma. Mara nyingine alisimama katikati ya msuko, asikumbuke mteja alitaka mtindo gani.

Tukaenda hospitali. Damu safi, picha safi. Daktari wa kwanza, bila hata kumgusa, akasema ni mawazo. Wa pili akamwandikia dawa za malaria, malaria ambayo kipimo chenyewe kiliikataa. Wa tatu akanigeukia mimi, kana kwamba mgonjwa hayupo, akaniuliza kama dada anaelewana na mumewe. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Nyumbani nako, wifi yake alikaa sebuleni akasema, kwa sauti ya kufika chumbani, kwamba ugonjwa usio na jina ni uvivu. Shemeji akanyamaza. Dada aliniambia ukimya ule ulimuuma kuliko mabega.

Wa nne alikuwa mama mmoja, daktari wa viungo. Alimuuliza habari za usingizi, za kusahau, maumivu yalianza lini. Akambonyeza taratibu, bega hadi goti. Akapima tezi ya shingo na baridi yabisi, akakuta si hayo. Ndipo akalitaja jina la ugonjwa: fibromayaljia. Neva zinayakuza maumivu, na uchovu ni sehemu yake.

"Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha," alisema. "Tunaitambua kwa kumsikiliza mgonjwa."

"Kwa hiyo sikuwa naongopa?"

"Hukuwa unaongopa, mama."

Dada akalia pale pale. Miaka miwili, na dawa ya kwanza ilikuwa sikio!

Hajapona. Anasukia amekaa, wateja wachache, anatembea kidogo kila asubuhi, na siku mbaya analala bila kuomba radhi. Shemeji siku hizi humsindikiza kliniki. Wifi naye alikuja kutoa pole, akasema laiti angejua.

"Nilikwambia, wifi," dada alimjibu kwa upole. "Ulikuwa unangoja daktari akwambie."