Pengo Tumboni mwa Boriti

Miaka ya vita nilikuwa seremala kwenye karakana moja Changamwe, na kiburi kilinijaa pomoni. Mama mkwe alipojenga nyumba kule Mjambere, boriti ya kubebea uchaga, ile dari ya juu ya jiko ambako mahindi hukaushwa kwa moshi, niliipandisha mimi. Akataka mahali pa kufunga kamba ya susu la kuwekea chakula. Nikachonga pengo la pembe mraba katikati, upande wa chini, kamba isiteleze. Nikajisifu wee!

Moto ulipowashwa sikuwa na ruhusa tena ya kuingia. Kwetu, jiko la mkwe halikanyagwi na mume wa binti.

Jumatatu moja karakanani, mbao yenye pengo kama langu ilikatika mbele yetu. Msimamizi, mzee mkali, akatuonyesha ufa ulikoanzia: kwenye pembe. Alisema boriti ikilemewa huvutika tumboni, yaani upande wa chini, na ukiikata hapo nguvu yote hukimbilia ile pembe. Fundi wa namna hii, akasema, akachunge mbuzi. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana uchaga ulikuwa umejaa mavuno.

Nifanyeje? Kuingia siwezi. Kusema, naona haya. Nikamtuma mke wangu, aliyekuwa akishinda kwa mamake na mtoto wetu, aombe mahindi yapunguzwe, na hata yeye sikumwambia sababu. Jibu likarudi kwamba tangu lini mkwe akampangia mahindi yake. Nikanuna. Kila jioni nikawa naketi barazani kwake nikitega sikio.

Jumamosi nikasikia mti ukilia, ta! Nikaingia mbio, nikatia bega chini ya boriti, nikakwama papo hapo, jasho chapachapa, siwezi kusogea wala kugeuka. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Alipouona ufa akaegemeza ngazi ukutani, yeye na mke wangu wakashusha mahindi kikapu kwa kikapu. Mabega yaliniwaka moto.

Kikapu cha mwisho kiliposhuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimpose binti yake.

"Ulijua tangu lini, baba?"

"Tangu Jumatatu, mama."

Hakunitukana. Aliinama, akavuta mkeka mdogo uliokuwa miguuni pangu, akaukunja polepole.

"Mwanao huwa namlaza hapa kila mchana," akasema, "ukiwa kazini."