Ndama wa Nyasi

Ngozi ya ndama iliyokaushwa kwa chumvi ina harufu yake, kali, ya kukaa kooni. Niliisikia juzi kwa jirani hapa Subukia nikajikuta nimeketi chini, mtu mzima na heshima zangu zote. Wacha niwaeleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka mitano. Ndama wa ng'ombe wetu alikufa, na mama yake akagoma kutoa maziwa. Alilia siku mbili, akapiga ndoo mateke. Baba hakubishana naye. Alimchuna ndama, akaikausha ngozi kwa chumvi, akaijaza nyasi kavu na kuisimamisha mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akainusa, akailamba, akanyamaza. Maziwa yakashuka.

"Umeona?" Baba akaniambia. "Sasa ametulia."

Niliamini kabisa. Kwa akili yangu ya wakati huo, kitu kikifanana na ndama, basi ni ndama.

Mwezi uliofuata, mdogo wangu Kiprop, mtoto wa miezi mitatu, alishikwa na nimonia. Alifia njiani kabla hatujafika hospitali. Tulimzika kando ya shamba la mahindi. Watu wa matanga walipokwenda zao, Mama alilala akiangalia ukuta. Hakula, wala hakuniita. Maziwa yalimtoka yakalowesha blauzi. Na mimi, kusema ukweli, nilikuwa na njaa, nywele zangu hazijasukwa wiki nzima, na nilimtaka mama yangu arudi.

Dawa nilikuwa naijua. Nilichukua sweta ya manjano ya Kiprop na suruali yake, nikazishindilia nyasi za zizini, nikafunga miguu kwa kamba. Kichwa nilikitengeneza kwa soksi ya Baba. Mchana, Mama akiwa amesinzia, nikamlaza kando yake na kumfunika shali, kisha nikasimama mlangoni kungoja. Mama alinyoosha mkono, macho bado ameyafumba, akamvuta kifuani. Jamani, nilifurahi!

Halafu akafungua macho.

Sijawahi kusikia tena mayowe kama yale. Baba alikuja mbio, akaona, akanichapa mpaka yeye mwenyewe akaanza kulia. "Unamchezea mama yako? Unamchezea?" Sikuelewa kosa langu lilikuwa wapi. Niliwaza labda nimesahau chumvi.

Nilipofika miaka tisa nilishajua kwamba aliyekufa harudi, na hapo ndipo aibu iliponishika. Mama akinitazama tu, nilikuwa na hakika anaona yale manyasi. Nilikuwa nikimkwepa kwenye kamba ya nguo, nikimkwepa jikoni. Lakini aibu yote ilikuwa ya kujihurumia mwenyewe. Uchungu wa Mama sikuwa na uwezo wa kuufikiria.

Nilimwomba msamaha nikiwa na miaka kumi na minne, tukichuma kahawa. Mama hakuacha kuchuma.

"Ulimjaza sana, Chebet," akasema. "Kiprop hakuwa mnene hivyo."

Nikasimama na kikapu changu. Miaka yote nilidhani alipiga mayowe kwa kushtuka. Kumbe alikuwa amempakata kwanza, akampima kwa mikono yake, na mikono ikamwambia si yeye. Nami nikaelewa jambo ambalo hata leo naona uchungu kulisema: Baba hakuwa akimliwaza yule ng'ombe, alikuwa akimkamua. Na mimi pia, siku ile, nilitaka tu kulishwa.