Sufuria Zilizokwenda Frere Town Bila Wapishi

Saa kumi na mbili asubuhi, na ua wa nyumba ya marehemu Mzee Badawi, hapa Kisauni, umeshajaa moshi. Leo ni hitima yake, kisomo cha kumwombea dua. Mwanasaumu binti Mwidani anazunguka mafiga, kanga moja kaifunga kiunoni, nyingine kichwani, mkononi ana mwiko mrefu kama kasia. Pilau imeshakauka maji, na sasa anaipalia: anachota makaa na kuyatandaza juu ya vifuniko, ili wali uive juu na chini.

Saa hana, wala haihitaji. Anainamisha sikio karibu na sufuria na kusikiliza.

"Wali ukiwa tayari hunyamaza," anasema. "Ukiusikia bado unanung'unika, uwache."

Wafiwa hawatamlipa hata senti. Hii ni kazi ya Umoja wa Kina Mama wa Kisauni, chama ambacho mtaa mzima umekibandika jina la Mama Sufuria. Kinachomlisha Mwanasaumu ni mahamri, anayoyakaanga kila alfajiri na kuwauzia wafanyakazi waendao mjini kwa senti kumi kila moja. Siku ya msiba hakaangi. Wateja wake wakikuta jiko baridi hawalalamiki, huuliza tu nani amefariki.

Chama kilizaliwa mwaka 1957, siku ya mvua. Mwanasaumu, mzaliwa wa Bofu kule Likoni, alikuwa ameolewa huku Kisauni alipofiwa na mama mkwe. Watu walifurika, na sufuria kubwa hakuna. Alipika kwa vijisufuria vya kuazima, nyumba hii kimoja, nyumba ile kimoja, jirani akimshikia mwavuli. Waliokula mwanzo walishiba, waliokula mwisho waliambulia ukoko.

Aibu ile ilimgusa Bi Sheikha, mjane wa mfanyabiashara wa nguo. Yeye alikuwa na sufuria tatu za shaba za harusi yake, zimelala uvunguni zikiota kutu ya kijani. Alizitoa, akampelekea fundi azitie bati upya, akawaita wanawake wa mtaa. Sharti lake lilikuwa moja: sufuria haitoki bila mikono. Anayeipeleka kwa mfiwa akae naye, apike, apakue, aoshe vyombo, ndipo arudi kwake. Mfiwa asiguse kuni.

Miaka miwili baadaye akaja Dorcas. Huyu ni mshonaji wa Frere Town, mtaa jirani wa Wakristo, mtu wa kanisa, na wanachama walimwomba awafundishe kushona. Kila Jumatatu alikaa barazani kwa Bi Sheikha na cherehani lake. Mwanasaumu anakumbuka gauni lake la kwanza, ambalo mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Dorcas alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo wakawa mashoga, mmoja akipika samaki mwenzake atatengewa bakuli.

Mwaka 1961 mama yake Dorcas akafariki.

Habari zilipofika Kisauni, wanawake walikutana, na kwa mara ya kwanza wakasitasita. Msiba wa kanisa, watakaa vipi? Waume watasema nini? Baada ya mabishano marefu Bi Sheikha akakata shauri kwamba sufuria ziende, watu wabaki. Zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikaenda. Hakuna aliyepinga, hata Mwanasaumu. Hilo analisema mwenyewe, macho yameinama kwenye makaa.

Sufuria zilirudi siku ya tatu, zimesuguliwa zikang'aa. Lakini mwanachama mmoja alizinusa, akakunja uso, akasema zanuka nguruwe. Neno lake likawa kama moto wa makumbi, halikuzimika. Bi Sheikha, mtu wa tahadhari, akaamuru zioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama kinavyooshwa chombo kilichoguswa na nguruwe.

Kazi hiyo akapewa Mwanasaumu. Alikuwa uani amechuchumaa, udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, aliposikia hodi. Dorcas ameingia, na kapu la ndizi kichwani, amekuja kushukuru.

Watu wa Frere Town wameishi na Waislamu tangu enzi za mababu zao. Dorcas hakuhitaji kuelezwa udongo ule ni wa nini. Alilitua kapu taratibu.

"Bi Mwanasaumu, tulichinja mbuzi wawili," alisema. "Aliyewachinja ni Mbwana wa msikitini hapa kwenu. Nilimwita mwenyewe, ili sufuria zenu zirudi kama zilivyokuja."

Akageuka, akaenda zake. Mwanasaumu alimfuata mpaka mlangoni, lakini mikono ile yenye udongo angemshikaje? Alisimama pale, akalia.

"Kuuliza si ujinga," anasema sasa. "Sisi hatukuuliza. Tungeuliza neno moja tu."

Jumatatu iliyofuata Dorcas hakutokea, wala iliyofuata hiyo. Darasa la kushona likafa. Wakikutana sokoni, Dorcas humwamkia vizuri, humuuliza hali za watoto, humtakia siku njema.

"Wallahi, heri angenitukana," anasema Mwanasaumu.

Mwezi ujao bendera mpya inapandishwa, na Mama Sufuria wameombwa wawapikie watu watakaokusanyika Kisauni kusherehekea uhuru. Wenzake wameshaanza kuhesabu magunia ya mchele. Mwanasaumu amekataa kutia neno.

"Nitawapikiaje watu wa uhuru," anauliza, "na Dorcas sijampikia?"

Jumamosi hii Dorcas anamwoza binti yake, Pascalia. Msiba hauna mwaliko, lakini harusi inao, na Kisauni haukufika. Kwa hiyo wiki iliyopita Mwanasaumu alivaa buibui lake, akaenda Frere Town kwa miguu. Alimkuta Dorcas anashona gauni la bibi harusi. Dorcas alimwonyesha kiti, lakini cherehani hakulisimamisha. Mwanasaumu akaomba msamaha wake humo humo ndani ya kelele, kisha akasema sufuria zote za chama ni zake Jumamosi.

Hapo cherehani likanyamaza.

"Sufuria nimepata za kanisani," Dorcas alimwambia. "Na siku ile ya mama, hata zenu zisingekuja watu wangekula. Nilikuwa nawangoja nyinyi. Kila mlango ulipolia niliinuka."

Mwanasaumu alikunywa chai aliyoletewa na Pascalia, akaaga. Hakufukuzwa, na hakukaribishwa.

Juzi aliwaeleza wenzake neno kwa neno. Wengine walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wanne walisema watakwenda naye Jumamosi. Bi Sheikha alisema magoti yake hayafiki Frere Town, akaingia ndani. Jana asubuhi akatuma mtu kwa Mwanasaumu aulize kama kwa Dorcas kuna kiti kirefu kidogo, maana kukuna nazi anaweza, kuchuchumaa ndiko kunakomshinda. Mwanasaumu anaposimulia haya anacheka, na machozi anayasingizia moshi.

Anainama tena kusikiliza. Sufuria zimenyamaza. Anaanza kuyapangua makaa, na mwandishi anamuuliza Jumamosi wataondoka na sufuria ngapi.

"Hata moja," anasema. "Tutakwenda mikono mitupu, tupige hodi kabla mchele haujaoshwa. Akitufungulia, tutapika. Akituacha nje, tutakaa hapo nje mpaka watu wamalize kula, halafu tutaomba tuoshe sufuria za kanisa."