Kikombe cha Msimamizi

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Kibiti, nikichagua dagaa. Aliyenipigia ni muuguzi mmoja ambaye zamani tulikuwa tukicheza naye kule Mbuchi. "Kaka, Mwalimu katutoka," akasema. Marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa bara, aliyekuja delta na begi moja la nguo na dadu alizochonga mwenyewe. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sina machozi ya karibu. Siku hiyo nililia mbele za watu.

Kila Jumamosi baada ya alasiri alitukusanya barazani kwake, watu wanne mezani na birika la kahawa, akatuchezesha mchezo wa hadithi. Yeye alikuwa msimamizi: anasimulia dunia ilivyo, sisi kila mmoja ni mtu ndani yake na anasema atafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Ukibisha anakusikiliza, lakini neno la mwisho ni lake. Ahadi tuliyowekeana ilikuwa moja tu. Alikuwa ameona kwamba kwetu mtu akitosheka na kahawa hufunika kikombe, na mwenye birika hamwongezi wala hamwulizi. Basi akatuambia: hadithi ikikugusa pabaya, funika kikombe, nami nitaacha. Siku moja tulifika kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya mtumbwi, maji yamekupwa, mtumbwi umekwama kwenye mikoko. Muuguzi akafunika kikombe. Mwalimu akasema, "Mtumbwi huo haukuwahi kuondoka. Turudi kijijini." Hakumwuliza kitu. Mimi nilinuna, maana uhondo ulikuwa umekolea.

Miezi kadhaa baadaye alituletea mvushaji mzee, mwenye kikohozi, anayetuvusha mto. Nikataka kujua mzee anaumwa nini, na kama atafika ng'ambo. Mwalimu akachukua kikombe chake akakifunika. Tukaangua kicheko. Nikanyoosha mkono, nikakifunua, nikamimina kahawa. "Msimamizi hana kikombe, Mwalimu. Hadithi yako hii, tumalizie." Akatabasamu, akamalizia. Mzee alifia katikati ya mto, akiwaomba radhi abiria kwa kuwachelewesha. Tukampigia makofi. Muuguzi peke yake hakupiga.

Kwenye matanga nilimwuliza muuguzi kwa nini. "Majibu yake ya hospitali yalitoka wiki ile ile," akasema. "Nilijua. Alinikataza nisiseme." Tangu hapo silali vizuri. Nikisikia kikombe kikigusa meza, naona uso wa Mwalimu ukitabasamu kwa ajili yetu.

Sisi ni hodari wa kumtii mkubwa. Mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, baba mwenye nyumba, wote tunawapigia hodi na kungoja waamue. Ila tukishampa mtu kiti cha mbele, tunamnyang'anya haki ya kuchoka na kuogopa. Mganga hajigangi, wahenga walisema, nasi tukaridhika kumtazama akishindwa. Mwalimu alitunga sheria ya kumlinda kila aliyekaa kwenye meza ile, nasi tukaifuata kana kwamba yeye hakuwa amekaa nasi. Mwenye amri naye akisema basi, iwe basi. Mimi nililijua hilo nimechelewa, na kikombe kile nilikifunua kwa mkono wangu huu ninaoandikia.