Pikipiki Iliyokohoa Korongoni

Enzi zetu pikipiki ilisikika kwanza, kuonekana ilikuwa baadaye sana. Wenzangu mliokulia Naipingo na vijiji vya jirani mnanielewa. Barabara ilikuwa ya vumbi, magari ya kuhesabika, na pikipiki ikipita tuliacha rede, tukaacha mdako, tukaacha hata ugomvi, tukasimama kuisikiliza mpaka ipotelee upande wa Nachingwea. Watoto wa leo bodaboda inawapita puani na hawainui macho kwenye simu.

Tulikuwa na mchezo wetu tuliouita Nani Huyo. Tulikaa kwenye mkorosho mkubwa wa pale kona, tukaipa barabara mgongo, tukafumba macho. Mlio ukianza kusikika kwa mbali, kila mtu anataja mwenye pikipiki. Ya padri ilikuwa inanguruma kwa upole, huku kitu fulani cha nyuma kikigongagonga. Ya mwenye duka ililia kama mbuzi. Ukikosea, unambebea mwenzako ndoo ya maji kutoka kisimani. Bakari, jirani yangu, hakukosea kamwe, na mimi nilibeba ndoo zake mpaka utosi ukataka kuota kipara.

Ila pikipiki moja hata mimi niliijua: ya baba yangu. Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka vijijini, leo Naipingo, kesho huko Chinongwe upande wa Ruangwa, akiwafundisha watu kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Ofisi ilimpa pikipiki nyekundu iliyokuwa na tabia yake. Kabla hujafika kwetu kuna korongo, na baada ya korongo kuna mlima. Pale chini ya korongo ile pikipiki ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kama imekata tamaa, halafu ikashika tena na kupanda. Kila siku hivyo hivyo. Baba aliisafisha, akabadilisha plagi, akaitukana. Ikaendelea kukohoa.

Mama alipikia kikohozi hicho. Jioni anabandika maji, yanachemka, anakaa na unga pembeni, anasubiri. Kho, kho, kimya. Hapo ndipo anamimina unga. Baba akifika uani, akivua mabuti, akijipangusa ile salfa ya njano iliyomganda mpaka kwenye nyusi, ugali unageuzwa kwenye sahani, unatoa moshi. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na mbaazi kama ni msimu wake. Harufu ya utoto wangu ndiyo hiyo: kisamvu na salfa. Mama alikuwa akisema, "Mwanaume akikuta ugali wa baridi, ujue mkewe hakuwa anamsikiliza."

Baba alishikwa na homa akiwa kazini. Alilazwa Nachingwea na hakurudi. Tulimzika nyumbani, na baada ya siku chache ofisi ikaleta lori kuchukua pikipiki. Niliona kwa macho yangu wakiipandisha, wakaifunga kamba na kuondoka nayo. Nilikimbia nyuma ya lile lori mpaka korongoni, nikarudi nikilia.

Ilikuwa jioni moja baada ya arobaini. Tulikuwa uani tunabangua korosho, mimi na Bakari, vidole vimechubuka na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Mama alikuwa jikoni. Jua lilikuwa linazama na kuku wanaingia bandani.

Kho, kho. Kimya. Halafu mlio ukapanda mlima.

Bakari alinitazama. Sisi watoto wa Nani Huyo hatukuhitaji kuulizana. Kuku waliokuwa mlangoni mwa banda walisimama, mguu mmoja juu. Mlio ulikuja, ukakua, ukafika kwenye mkorosho wa kona, ukakata kuingia kwetu, ukazimika. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu, na vumbi halikutimka hata kidogo. Ikaja harufu ya salfa. Nyuma yetu nilisikia mwiko ukigonga sufuria: mama alikuwa anasonga ugali.

Aliuleta, akaufunika kwa kawa, akakaa kwenye mkeka akitazama njia. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu msiba. Baadaye kidogo akafunua.

"Kuleni, watoto," alisema, akanigeukia mimi, Somoe wake. "Baba Somoe amechelewa kidogo tu."

Tulikula. Mnafikiri tungefanya nini? Niliogopa, lakini nilikula, kwa sababu ulikuwa ugali wa baba na ulikuwa wa moto.

Haikuwa kila siku. Zilipita wiki kimya, kisha jioni moja tunasikia. Wajomba walileta watu wakasoma dua, tukala pilau, na jioni yake ile ile pikipiki ikakohoa korongoni kama kawaida. Mama akawaambia wajomba kwa adabu wasisumbuke tena. Majirani wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine, nadhani, walisikia na wakanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyokua: wenzangu walitishwa kwa majini na majitu, mimi nilijua sauti moja tu, na sauti hiyo ilikuja kula kwetu.

Nikaolewa, nikaachika, nikapata kazi kwenye duka la dawa Nachingwea mjini. Muda ukakimbia. Ndipo zikaingia bodaboda.

Sizisemi vibaya. Zimeokoa wajawazito wengi na mimi mwenyewe zimenifikisha kazini. Lakini vijana wetu hawa! Mtu ananunua pikipiki nzima, jambo la kwanza anatoboa bomba la moshi ili kijiji kizima kijue anakwenda kununua vocha. Wanafunga spika, wanapiga muziki wa Dar kuanzia alfajiri. Zote zinalia sauti moja. Ukimfumba macho Bakari leo na kumuuliza nani huyo, atakwambia ni wote.

Nilipokwenda kumsalimia mama mwaka jana nilimkuta amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo ya uji.

"Mama, ugali je?"

"Nimsongee nani?" alisema. "Jioni nakaa hapa, natega sikio. Kelele tupu. Hata akija, nitamjuaje kwenye fujo hii? Huenda anakuja, anakuta moto umezimika, anarudi zake."

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niliona kabisa kwamba mama anaondoka mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, na kinachomwondoa ni kimya cha sauti moja. Niliumia. Nikaamua kurudi kukaa naye Naipingo, niwe nakwenda kazini Nachingwea kila asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo ikabidi nitafute pikipiki.

Bakari siku hizi ni fundi pikipiki, na hakuna wa kumpita. Tulianza dukani. Kijana wa pale alinipokea kwa bashasha. "Anti, chukua chuma hiki. Hakinywi mafuta, kinanusa tu!" Kilikuwa kizuri, ila bei yake ingenirudisha kwa mume niliyeachana naye. Bakari akanivuta pembeni, akanipa somo. Mwanamke wa safari ya kila siku, kwenye kokoto wakati wa kiangazi na utelezi masika, hahitaji mbio. Anahitaji pikipiki nyepesi anayoweza kuinyanyua ikianguka, injini ndogo isiyo na tamaa ya petroli, na vipuri vinavyopatikana hata Mbekenyera. Nisiguse iliyokuwa bodaboda, imechoka hata ikipakwa rangi mpya. Niangalie moshi. Nisikilize.

"Kusikiliza tulisomea," nilimwambia, tukacheka.

Alisikia kuna mfugaji upande wa Ruangwa anauza yake. Tulimkuta Masanja kwenye boma lake. Yeye na familia yake walitoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao miaka michache iliyopita, na sasa walikuwa wanajiandaa kuhamia mbele zaidi. Pikipiki yake ilikuwa nyekundu. Kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa mjini, basi.

"Mayu, hii haijawahi kunilaza njiani," Masanja alisema, mayu kwao ni mama, akiipigapiga siti kama anavyompigapiga ndama. "Ukiijaza, unasahau kituo cha mafuta kiko wapi."

Bakari akaikagua mnyororo, matairi, breki. Akaridhika. Akaniambia kwa utani, "Haya, geuka, fumba macho. Nani Huyo." Nikageuka nikatazama zizi la ng'ombe, nikafumba macho kweli, mtu mzima na mvi zangu. Akapiga kiki.

Ilikohoa mara mbili. Ikanyamaza. Ikashika.

Ng'ombe walikuwa wanacheua, nilisikia wakiacha. Bakari alizima injini haraka. Nilipogeuka, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yake kwenye tangi.

"Ilikuwa ya nani kabla yako?" nilimuuliza Masanja.

"Ya kwangu tangu mpya. Nimeinunua Mwanza mwenyewe." Alikunja uso. "Na haijawahi kukohoa, mayu. Imeanza leo asubuhi. Nilifikiri ni baridi."

Bakari akanipeleka kando, kwenye kivuli cha ghala. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa ufundi, hiyo ni kabureta. Nikiisafisha inanyamaza, na mafuta itakula kidogo sana. Nikiiacha hivi itakumaliza kwa petroli, na siku moja itakuzimikia porini peke yako." Akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Lakini hiyo sauti tunaijua wote wawili. Mama yako ataisikia kila jioni. Siigusi mpaka useme mwenyewe, Somoe."

Nilisimama pale nikimfikiria mama na sufuria yake ya uji. Nikiiacha ikohoe, atasonga ugali kesho hiyo hiyo, atanenepa, atacheka. Lakini atakayefika uani nitakuwa mimi. Nitakuwa nimejivika sauti ya marehemu kumdanganya mke wake. Na safari ndefu kila siku nitakuwa juu ya chombo chenye ugonjwa. Nilitaka kulia pale pale, mbele ya mfugaji wa watu.

"Isafishe," nilisema.

Aliifungua chini ya kivuli. Kabureta ilikuwa safi kabisa, haina hata punje ya mchanga. Akafungua chujio la hewa. Ndani palikuwa na unga kidogo wa njano. Bakari akaunusa, akanipa nami ninuse. Masanja akasema yeye hana hata mkorosho mmoja. Ni kweli kwamba huku kwetu msimu ukifika upepo wote ni salfa, na Bakari alilisema hilo kwa sauti, mara mbili. Akaukung'uta, akafunga, akapiga kiki. Pikipiki ikaitika mara moja, laini, inatetema polepole kama cherehani ya mtu mwenye subira. Haikukohoa tena, na mpaka leo haijakohoa.

Jioni nilirudi Naipingo juu yake. Korongoni nilipunguza mwendo. Nilikuwa nasubiri, siwezi kukataa. Injini ilipita bila neno, ikapanda mlima kwa ukimya, na kile kimya kiliniingia kifuani nikajiona nimemzika baba kwa mara ya pili kwa mikono yangu.

Nilipokata kona kuingia uani niliona moshi wa jiko. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa, kanga ameifunga kiunoni, anasonga ugali kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mama, nimefika," nilisema. "Nimekuja peke yangu."

Hakugeuka. "Wewe sikukusikia kabisa, mwanangu. Pikipiki yako kimya mno. Nimemsikia yeye." Akagonga mwiko ukingoni. "Kelele zilikuwa zimempoteza. Leo amekufuata wewe. Kaa pembeni, mwache baba yako avue mabuti kwanza."

Nilikaa pembeni. Harufu ilikuja, kisamvu na salfa.

Mama amenenepa. Kanga siku hizi inamtosha, na majirani wanasema ni kwa sababu mtoto amerudi nyumbani. Pikipiki ni nzuri, nawashauri mnaotafuta ya kwendea kazini: chukueni ndogo, nyepesi, iliyosafishwa vizuri, isiyo na makelele. Petroli nasahau hata kuiweka. Vijana wa bodaboda wananicheka, wananiita bibi wa cherehani, wananipita wakitimua vumbi na muziki wao. Zamani tulimjua mtu kabla hajatokea. Siku hizi anakupita usoni na hujui alikuwa nani.

Tangu masika yaishe, na mimi namsikia. Nikiteremka korongoni jioni, injini yangu ikiwa imetulia, ile ya baba inakohoa nyuma yangu, mara mbili, halafu kimya. Sigeuki nyuma. Nashika ukingo wa barabara na kupunguza mwendo, nimpe njia atangulie, maana mama ameshamimina unga.