Mama Aliyemuulizia Udahaida Katikati ya Ngano

Ukitaka kunicheka, nenda kwanza Nambis ukamwulize shangazi yangu Agnesi. Yuko hai, macho yanaona, na atakuambia hivi hivi ninavyokuambia mimi. Mimi si mtu wa kuona vitu. Siku ile sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma. Watu wengi nikiwasimulia huniambia, "Ingekuwa usiku tungekuelewa." Niamini, ingekuwa usiku hata mimi ningejielewa. Ningekimbia, basi, mambo yakaisha.

Ilikuwa miaka ile serikali inalima ngano kule tambarare za Hanang. Mimi ni Mwiraqw, mtu wa juu milimani, Nambis, lakini kazi yangu ilikuwa chini kwa wafugaji. Nilikuwa mhudumu wa josho, naogesha ng'ombe dawa ya kupe. Hapo joshoni ndipo nilipokutana na Paulina, binti wa Mzee Gidamis, Mbarabaig mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Paulina alikuwa analeta mifugo ya baba yake kila wiki, na kila wiki alikuwa ananigombeza kwamba dawa yangu ni nyepesi, kupe hawafi. Nikaanza kuingojea ile siku ya kugombezwa. Unacheka? Ndivyo nilivyopenda.

Nikatuma wazee. Mzee Gidamis hakukataa, na heri angekataa siku ile ile. Aliuliza swali moja tu.

"Mama wa baba yako alikuwa mtoto wa huku kwetu. Watu wanajua. Alikuwa wa ukoo gani?"

Wazee wangu wakatazamana. Hatukujua. Bibi alifika Nambis akiwa mdogo, mwaka wa njaa, akalelewa na familia ya Kiiraqw, akabatizwa, akaolewa, akamzaa baba yangu na ndugu zake. Alikufa kabla sijazaliwa. Baba naye alikuwa ameshafariki, na hata shangazi Agnesi, binti yake, hakuwahi kuambiwa jina la kwao wala ukoo.

"Basi katafute," Mzee Gidamis akasema. "Ukoo wa bibi kwetu unahesabiwa. Kama ni ukoo wangu, huyu ni dada yako. Kama si wangu, njoo na asali ya posa tuzungumze."

Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua miezi minane.

Nilianza parokiani. Karani wa pale alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinitolea daftari kubwa la ubatizo, karatasi zimekuwa za manjano, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika. "Huyu hapa." Moyo ukaruka. Nikainama nisome. Imeandikwa: Maria. Wazazi si Wakristo. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna la mama, hakuna alikotoka.

"Na jina alilokuja nalo?" nikauliza.

"Hapo ndipo kitabu kinapoishia, ndugu yangu."

"Lakini mtu hazaliwi siku ya kubatizwa!"

"Kitabu kinajua siku ya kubatizwa tu," akasema, akakifunga taratibu.

Nikaenda ofisi moja ya serikali iliyosemekana kutunza daftari za zamani za kodi, zenye majina ya kila boma. Mara ya kwanza mwenye funguo alikuwa Arusha. Mara ya pili amerudi lakini ana msiba. Mara ya tatu nikafunguliwa stoo, nikakuta mifuko ya mbolea mpaka darini. Daftari zilikuwa wapi? Yule kijana wa stoo akanionyesha kona. Mchwa walikuwa wamekula katikati yote, zimebaki pembe tu, na ukizishika zinamwagika kama unga. Nilikaa chini pale pale juu ya mbolea. Nilitaka kupiga mtu, sikuona wa kumpiga.

Nikazunguka kwa wazee. Huyu alinituma kwa yule wa Masieda, yule wa Masieda akasema labda walioko Yaeda Chini, nikashuka Yaeda Chini kwa mguu siku mbili, nikakuta mzee ninayemtafuta ameshapoteza kumbukumbu, ananiita kwa jina la mwanawe. Halafu wakati wa vijiji vya ujamaa watu walikuwa wamehamishwa, waliokuwa majirani wametawanyika. Kila niliyemuuliza aliniambia, "Ungekuja zamani kidogo." Zamani kidogo! Kama vile mimi ndiye niliyechagua mwaka wa kuzaliwa.

Paulina akaanza kuchoka. "Baba amepata ujumbe wa posa kutoka upande wa Singida," akaniambia siku moja joshoni, bila kunigombeza. Hapo nikaogopa kweli.

Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja anaitwa Gidabayda, ng'ambo ya mashamba ya ngano, njia ya kuelekea Basotu. Nikapanda lori la mbegu, likanishusha kwenye barabara ya shamba. Zamani palikuwa na njia ya ng'ombe ya moja kwa moja, lakini ngano ilikuwa imeikata. Kuzunguka ni nusu siku. Sikuwa na nusu siku. Nikaingia kwenye tuta linalogawanya shamba na shamba, nikatembea.

Hujawahi kuona ngano ile ikiwa imekomaa? Ni rangi moja tupu, haina mti, haina nyumba, inakufika kiunoni. Mtu akiwa nusu saa mbele yako unamwona. Kwa hiyo sielewi mpaka leo yule mama alitokea wapi.

Alikuwa amesimama ndani ya ngano, mkono wa kushoto, hatua kama kumi kutoka kwenye tuta, mahali ardhi ilipoinuka kidogo. Amevaa sketi ya ngozi ya akina mama wa zamani, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Upepo ulikuwa unavuma, ngano yote inainama na kuinuka. Pale aliposimama ilikuwa imetulia. Niliona jambo hilo kwa macho, lakini akili yangu ilikuwa kwa Mzee Gidabayda, ikapita tu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akaniuliza kwa Kiiraqw, safi, kama mtu wa Nambis, "Umemwona mtoto wangu?"

Nikashangaa kidogo. Mama wa Kibarabaig wa umri ule, Kiiraqw chake kilitoka wapi?

"Mtoto gani, bibi?"

"Wa kike. Udahaida. Nilimwacha kwa watu wa juu wamlishe mpaka mvua ije. Nimerudi, simwoni. Mguu wa kushoto vidole viwili vimeshikana, aliungua kwa maziwa ya moto. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Wanasema hapa hakuna Udahaida. Nimekwenda kwa watu wa kanisa, wakafungua kitabu, wakasema humu hakuna Udahaida."

Sasa nisikilize. Wewe unayesikiliza umekaa umeshaelewa, sivyo? Mimi niliyekuwa nimesimama pale sikuelewa. Miezi minane ya madaftari, mchwa na njoo kesho ilikuwa imenijaza hasira hadi hapa kooni. Nikaona ni kikongwe aliyepotea, na mimi nina shida zangu.

"Sijui, bibi," nikasema. "Nina haraka. Waulize wenye shamba."

Nikaendelea kutembea. Nikapiga hatua ishirini, thelathini. Akauliza tena, "Umemwona mtoto wangu?" Na sauti ilikuwa karibu vile vile, kama yuko hatua kumi. Nikatembea zaidi, nikapita hata mia. "Umemwona mtoto wangu?" Haikupungua hata kidogo. Nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Ngano ilikuwa inayumba yote sasa, hata pale palipoinuka. Nilirudi, ndiyo, nilirudi, nikaangalia. Hakuna bua lililolala. Hakuna alama ya mguu wa mtu. Hapo ndipo nilipokimbia.

Nilifika kwa Mzee Gidabayda jasho linanitoka. Nikamwamkia, akanipa maziwa, akaningoja nipumue. Nikamweleza kilichonileta: bibi yangu, mtoto wa njaa, ukoo. Sikumwambia niliyoyaona, niliona aibu. Yeye akatazama upande wa mashamba.

"Walikuwa watoto wengi waliopelekwa juu mwaka ule," akasema. "Wengi walirudishwa. Mmoja hakurudi. Mama yake alikuwa jirani yetu, mimi nilikuwa nachunga ndama. Mvua ziliponyesha alipanda kumfuata, hakumpata. Akashuka, akapanda tena. Alikaa huko juu akiuliza mpaka akajua lugha yenu kuliko wenyewe. Mwisho alirudi akiwa hana nguvu, akafa. Tulimzika pale kwenye mashamba, penye mwinuko. Trekta zimepita juu yake, sijui mara ngapi."

Nikaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Mtoto aliitwa nani, mzee?"

"Udahaida."

Nikamweleza basi, yote. Hakushangaa kwamba nilimwona. Alishangaa jambo lingine.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui."

Mzee akafunga macho. "Ametembea miaka yote hiyo," akasema polepole, "akamkuta mjukuu wa mtoto wake amesimama mbele yake. Na wewe ukamwambia hujui."

Baadaye, kwa sababu ndicho kilichonileta, nikauliza ukoo wa baba wa mtoto yule. Akanitajia. Ulikuwa ukoo wa Mzee Gidamis.

Nilipanda Nambis. Sikutaka kuamini, nilitaka shangazi Agnesi anikatalie. Nikamwuliza, "Shangazi, mguu wa bibi ulikuwaje?" Akaacha kupeta mahindi.

"Nani amekuambia habari za mguu wa mama? Alikuwa anauficha. Hata kanisani alikuwa anaukunja chini ya nguo. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa vimeshikana."

Nikamsimulia. Alilia, halafu akakasirika, akanipiga na ungo begani kama mtoto. "Umemwambia bibi yetu hujui? Rudi! Rudi ukamwambie!"

Kabla ya kurudi shambani ilibidi nipite kwa Mzee Gidamis. Nisikufiche: siku tatu nzima nilifikiria kusema sikupata chochote. Karatasi haipo popote. Mzee Gidabayda asingefuatana nami. Nani angejua? Lakini nikiwaza kuchukua jina lile, lililotafutwa vile, nilifukie mimi mwenyewe tena mara ya pili, nashindwa. Nikaenda, nikasema. Mzee Gidamis akaniwekea mkono kichwani, akaniita mwanangu, na huo ndio ukawa mwisho wa uchumba wangu.

Paulina alinifuata joshoni peke yake, hana hata ndama mmoja.

"Ungesema hukupata," akaniambia.

"Nilipata, Paulina."

"Miezi minane kila mtu anakwambia hakuna. Ungekuwa mmoja wao. Ungesema hakuna."

Akaondoka. Aliolewa upande wa Singida kabla ya mvua. Nami nilioa baadaye, mwanamke mwema, sina malalamiko naye.

Shambani nilirudi na shangazi Agnesi. Tulisimama kwenye tuta, mashine za kuvuna zinanguruma mbali. Shangazi akapiga kelele kwa Kiiraqw, "Bibi! Udahaida alifika! Alikula! Alikua!" Aliita mpaka sauti ikakauka. Mimi nikaita. Ngano ikayumba kwa upepo kama ngano. Tulirudi mwaka uliofuata, na mwingine. Wafanyakazi wa shamba wakanizoea, wakaniita mwendawazimu wa tuta.

Tangu hapo nimekuwa naandika. Nina madaftari saba nyumbani. Mtoto yeyote anayelelewa kwa watu huku kwetu naandika jina alilokuja nalo, la mama yake, alikotoka, na alama ya mwilini. Watu hunicheka, halafu usiku mmoja wanakuja na mtoto mgongoni waniambie niandike. Nawe kama nyumbani kwako kuna mtoto wa namna hiyo, usimpe jina jipya ukalitupa la zamani. Kuna mtu atakuja kuliulizia.

Na yeye bado anauliza. Serikali ilishayaacha mashamba yale, lakini ngano bado inalimwa, na juzi juzi dereva mmoja wa trekta aliniambia amesimamishwa mchana na mama mwenye bangili anayetafuta mtoto. Nikamwuliza, ulimjibu nini? Akasema, ningemjibu nini, simjui.

Kwa hiyo nakuomba. Ukipita njia ile, ukaulizwa, usikimbie, na usiseme hujui. Mwambie Udahaida alipokelewa Nambis, walimwita Maria, alizaa watoto watano, na amelala juu ya kilima chini ya msalaba. Sema wewe. Mimi nimeshamwambia mara nyingi, lakini tangu siku ile niliyosema sijui, mimi hanisikii tena.