Gereji Iliyochelewa Kufungwa

Fundi wa gereji ya kona, pale barabara inapoteremkia mtoni, hakuwa mtu wa salamu. Siku Ralitsa alipomsukumia hadi mlangoni pikipiki aliyotoka kuinunua, kuukuu, iliyomzidi umri, akaomba afungiwe taa kubwa, fundi aliguna. "Taa ya nini, binti? Uone vizuri unapoangukia? Breki zenyewe hizi za kuomba Mungu!" Akaanza na breki. Vidole vyake vilikuwa vinene kama soseji, lakini viliokota skrubu kama mtu aokotaye punje za chumvi. Kila alipowasha injini aliigusisha ncha ya bisibisi, akabana mpini sikioni, akafumba macho. "Inakohoa," alisema, akafungua kabureta na kuisafisha. Kisha cheni, kisha tairi. Mwisho kabisa akaifunga ile taa, huku akinung'unika kwamba sasa imekuwa pikipiki ya harusi.

Jumamosi Ralitsa alipita mbele ya gereji, akavuka milima ya Rodopi kwenda kwa mama yake, na wakati wa kurudi ukungu ukamchelewesha. Maduka yote ya mtaani yalikwisha kufungwa. Gereji ilikuwa wazi. Fundi alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo, kahawa imempoa mkononi, sikio amelielekeza mlimani. Ralitsa akapunga mkono; yeye hakupunga. Aliisikiliza injini mpaka ikapita, akainuka, akafunga mlango, akaenda zake kulala.

Jumatatu Ralitsa alimpelekea banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, ingali moto.

"Breki ulishalipia," fundi akaguna.

"Hii si ya breki."